Mashine Imewaka Lavington

Ngara, Nairobi

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama kwa furaha ambayo haitoshei kwenye bahasha hii. Goti lako limepoa? Na ile mvua iliyolaza mahindi, imewaachia chochote? Mimi ni mzima, nakula na kulala vizuri. Ningepiga simu, lakini wewe husema maneno ya simu hupeperuka, na haya nataka uyasome mara mbili.

Baba, nimemaliza kazi yangu ya kwanza peke yangu! Unakumbuka tulivyoagana: Krismasi ikinikuta bado nabebea watu ngazi, nirudi nyumbani nikafundishe chekechea, maana umeshazungumza na mwalimu mkuu. Basi Fundi Njoroge, huyu anayenifunza kufunga waya za stima, akanipa nyumba moja huko Lavington. Mwenye nyumba, Mama Wambui, alikuwa anageuza stoo iwe chumba cha kufulia, chenye mashine mbili, ya kufua na ya kukausha. Njoroge akasema, "Hii ni yako. Ikitoka poa, nitaanza kukupea kazi zako. Ikikataa, tutaongea vingine."

Siku ya kwanza askari wa geti akaniuliza, "Sasa siste, umekuja ya nini?" Nikamjibu nimekuja ya chumba ya kufulia. Akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha mabeseni yamejaa mashuka. "Sabuni iko hapo kwa dirisha. Anza na nyeupe." Baba, nilicheka hadi nikakaa chini! Nikafungua begi, nikamtolea koleo na testa ya kupimia stima. Maskini, aliniomba msamaha wiki nzima, na chai hakuninyima.

Niling'oa waya za zamani, zilizokuwa zimekauka hadi zinakatikia mkononi. Kila mashine nikaivutia waya yake kutoka swichi kuu, maana mashine hizi hula stima nyingi, na zikitegemea waya moja itashika moto. Soketi nikaziweka juu, mbali na sinki. Taa nikachagua ya kufunikwa, mvuke usiingie. Najua utasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini leo niache nijisifu.

Ijumaa Njoroge akaja kukagua. Mama Wambui akasimama mlangoni, nami nikawasha. Tap! Swichi kuu ikajizima. Nikarudia, ikajizima tena. Baba! Niliiona chekechea, nikaiona chaki, nikawasikia watoto wakiimba a-e-i-o-u.

"Njoroge, si nilikuambia ulete mtu amezoea?" Mama Wambui akasema.

Njoroge akakunja mikono, akanitazama. "Tafuta."

Nikazitenga waya moja moja hadi nikaipata yenye shida, ile ya mashine ya kukausha. Asubuhi ilikuwa nzima, niliipima mwenyewe! Sasa kumebadilika nini? Kuinua macho, nikaiona rafu ambayo seremala alikuwa ameifunga mchana ule. Nikaanza kufungua skrubu zake, na moja ilikuwa imepenya ukutani hadi ndani ya waya yangu. Nikavuta waya mpya, rafu nikaihamisha, nikawasha. Stima ikakaa. Mashine ikaanza kuzunguka, nami nikapiga kigelegele papo hapo, mbele ya tajiri! Mama Wambui akacheka, akapiga chake.

Njoroge alikuwa anavaa koti. "Jumatatu uanze ile nyumba ya Hurlingham. Mimi sitakuja."

Sitakuja, Baba! Umewahi kusikia neno tamu kama hilo?

Msalimie Mama, mwambie shuka za huku zinakauka hata mvua ikinyesha, atabisha. Nisalimie shangazi wa sokoni, na kaka yangu mdogo asiyependa kuandika. Mwalimu mkuu naye mpe shukrani zangu, na umwambie nafasi ile ampe mwingine. Najua ulishampa neno lako, na neno lako si jambo dogo. Nisamehe kwa hilo.

Krismasi nitakuja, Baba. Ila nitakuja na tiketi ya kurudi.

Ni mimi binti yako,
Fundi Nekesa