Babu Thani Hakuacha Mtu

Matrah, Maskati
20 Disemba, 1970

Mpendwa Dada Shaikha,

Salamu nyingi za mdogo wako zikufikie hapo Tanga. Hujambo? Mguu vipi, bado unakuuma ukipanda ngazi? Mama anakula? Mimi mzima, nimekonda tu; hata nzi wa Matrah wananionea huruma.

Biashara, cheka kwanza. Nilinunua taa za mkononi niuze, maana hapa ilikuwa marufuku kutembea usiku bila taa. Amri ikaondolewa. Sasa nna chumba kimejaa taa, nauona umaskini wangu vizuri sana.

Tuje kwenye lile la karatasi. Hapa bila wazee wa kabila kusema huyu wetu, hupati ruhusa ya kukaa wala ya kuleta jamaa. Basi nikenda kijijini kwao babu, nyuma ya Bawshar. Nikawahesabia wazee nasaba yetu: mimi Yaarub bin Salim bin Thani; babu Thani alitoka hapa akenda Kengeja, kusini ya Pemba, akapanda mikarafuu, akazaa, akazikwa kule. Mzee wao, Aflah, aliwahi kukaa Unguja. Akanijibu kwa Kiswahili:

"Thani alikufa Afrika. Hakuacha mtu."

"Na mimi nani, shekhe? Jini?"

"Jini hamalizi sahani nzima ya tende, mwanangu."

Wakacheka, nami nikacheka. Kumbe mitende ya babu walishagawana zamani. Nikaapa sitaki hata kokwa. Wallahi hawakuniamini.

Aflah akanivuta pembeni. Akanambia alikuwepo marehemu Ishaq, fukara, hakuacha hata mtende. Mtoto wake mmoja tu, mwanamume, alipotelea Pemba.

"Kuwa yeye. Ijumaa tutakushuhudia."

Mtoto mmoja tu, dada. Hana ndugu. Mama yake kazikwa hapo hapo kijijini.

Ijumaa nilirudi, nikakubali. Ningekataa ningefukuzwa, na tangu mapinduzi Pemba hatuna tena pa kurudi. Lakini karatasi niliyoitafuta ili niwaite nyinyi, ndiyo inayosema sina nyinyi. Nimetafuta pa kuifanyia mzaha, sijapaona.

Baada ya sala waliwaombea maiti wao. Walipomtaja Thani, asiye na kizazi, nikaitikia amin kama mgeni.

Mama usimsomee haya. Mwambie taa zinauzika. Nisalimie Mjomba Majid na Mahfoudha na wanawe. Mungu akuwekeeni wa kukutazameni, maana mimi nimeshindwa.

Ukiniandikia, juu ya bahasha weka Yaarub bin Ishaq. Ndani niite ulivyozoea.

Nduguyo akupendaye,
Yaarub