Mechi Niliyoipikia Sombe

Lubumbashi, Ijumaa jioni

Dada yangu mkubwa, yaya Astrida,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi na vumbi jekundu. Mgongo wa mama unaendeleaje? Na kile kikohozi chako, kimekuachia? Sisi tuko wazima. Watoto wanasoma, Pascal amerudi kutoka kazini Kipushi kwa mapumziko. Mimi ndiye nisiyetulia. Tangu asubuhi niko kama mwanafunzi anayengoja mtihani wa serikali.

Uliniuliza kwenye simu mechi ilikwendaje, nikashindwa kukueleza mbele za watu. Nilipigwa vibaya, yaya.

Unajua mama mkwe hakupenda tangu nianze kucheza tenisi na walimu wenzangu. "Mwanamuke wa batoto batatu, kukimbiza mupira?" Safari hii alikubali kuja kutazama, yeye na mashemeki wangu, wale dada wawili wa Pascal. Nikajiambia: nikishinda mbele yao, maneno yataisha.

Basi nikajitayarisha. Sikia nilivyojitayarisha! Nilimpelekea fundi sketi aishushe hadi magotini. Niliamka kabla ya jua, nikatwanga majani ya muhogo nikapika sombe, nikakaanga samaki, nikasonga bukari ya watu wote, ili mtu asiseme tenisi imewanyima chakula. Uwanjani nilifika mechi ikitaka kuanza, sijanywa hata maji, sijapasha mwili moto. Nyuzi za raketi zilikuwa zimelegea, na nilijua.

Nilicheza na Mama Ngalula, Mkasai mwenye duka la dawa, umri wake kama wa mama mdogo. Nilipoona magoti yake yamefungwa bandeji, nikamdharau. Kumbe alikuwa amefika mapema, jasho limeshamtoka. Alipiga polepole, kona hii, kona ile. Mimi kila mpira niliutaka uishe haraka. Nikapiga nje, nikapiga kwenye wavu. Seti ya kwanza sikupata kitu. Ya pili nilipata gemu moja, na hiyo ni upepo ulionihurumia. Mashemeki walichekea kwenye vitenge vyao. Mama mkwe hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Halafu wakaja nyumbani, wakala sombe yote.

Pascal alikuwa amenifilimu kwa simu. Nilikataa kuangalia, mpaka siku moja akaniketisha.

"Mado, kila ukimaliza kupiga, uko unaangalia nani?"

Nikatazama tena. Kweli. Mpira haujagusa hata chini, uso wangu umeshageukia viti vya mama yake. Mpira unarudi, mimi bado niko kwenye viti. Nililia, yaya. Hata darasani mkaguzi akija nafanya vilevile, hata kanisani nikisoma somo: nautafuta uso wa mtu, neno lililo mbele yangu linanipotea. Miaka yote hii sikujiona.

Nikamwomba Mama Ngalula turudiane. Akacheka: "Karibu, mutoto. Lakini ukule kwanza, ndiyo ukuje." Tangu hapo napiga mipira ukutani asubuhi kabla ya shule, na nyuzi nimezifungisha upya. Kesho ndiyo siku.

Jana nilikwenda kwa mama mkwe. Nikasema, "Mama, siku ya mechi sitapika."

Alikuwa anachambua maharagwe. Aliokota kijiwe kimoja, akakitupa.

"Utacheza tena na ule mama wa dawa?"

"Ndiyo, mama."

"Aya. Basi miye nitapika. Lakini munitafutie kiti ya kwenye kivuli, ile siku jua ilinichoma."

Sikujua nicheke au nikimbie. Na sasa naogopa kuliko mwanzo, yaya, maana safari hii anakuja kwa kupenda kwake. Nikishindwa tena je? Mama Ngalula hajawa mzee zaidi kwa wiki chache. Huenda akanipiga vilevile. Ninachotaka ni kuwa uwanjani, si kwenye viti, wakati ananipiga.

Unisalimie mama, umkande mgongo kwa mafuta niliyotuma. Msalimie baba mdogo, mzee wetu wa reli, na shangazi wa kwaya, mwambie sauti yake tunaikosa huku. Binti yako mbusu kwa ajili yangu.

Naishia hapa. Pascal anaosha vyombo, mimi naenda kulala.

Mdogo wako,
Mado