Upepeo Wenye Majina

S.L.P. 41,
Tallis, Mississippi.
4 Juni 1996

Mpendwa mwanangu Ernestine,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Chicago, na goti lako limepoa. Mimi bado napumua, ila miguu imegoma. Kutwa niko kwenye kiti cha dirishani, kama kuku chini ya tenga.

Nasikia Jumapili utakuja kunikabidhi ngao ya heshima, kwa kuwa niliwafundisha watu wetu weusi kusoma katiba, ule mtihani tuliowekewa na Wazungu, ili wajiandikishe kupiga kura. Kufundisha, nilifundisha. Sasa sikia kilichobaki.

Unazikumbuka zile pepeo za karatasi ngumu tulizopewa kanisani na mwenye duka la majeneza? Nyuma ya mmoja niliandika majina ya wanafunzi wangu wa siri. Nani angepekua upepeo wa kanisani? Jina la kwanza lilikuwa la baba yako, kaka yangu Willis.

Agosti 1962 msimamizi wa shule, Mzungu, aliingia darasani kwangu. Miaka kumi na minne alikuwa akiniita Lucius, kama aitavyo watoto. Siku hiyo alivua kofia.

"Bwana Haygood," akasema, "sisi wenye elimu tunaelewana. Nani wanakuja kusoma?"

Nilimpa upepeo. Hakunigusa hata kwa kidole. Lile neno "Bwana" lilinilegeza kuliko bunduki.

Wiki hiyohiyo nyumba yenu ikachomwa, mkakimbilia kaskazini. Watu wakasikia majina yalitoka kwenye upepeo, wakamshuku Shemasi Cleophus Tarver, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akigawa pepeo mlangoni. Alikufa bila rafiki. Baba yako naye alikufa akimlaani, nami nimeketi kando ya kitanda chake, kimya.

Nimejaribu kusema. Mwezi uliopita nilimweleza mchungaji, akacheka: "Mwalimu, unyenyekevu wako umezidi. Kesho utasema ni wewe uliyemsulubisha Yesu." Sifa zao zimenifungia mlango kwa nje.

Ngao iache hukohuko. Njoo uwasomee wote kanisani barua hii. Lavinia, binti wa Shemasi, hadi leo hukaa benchi la nyuma kabisa. Mwite kwanza aje mbele.

Nisalimie Rosetta na wanawe, na shangazi yako Mae. Mungu akupe moyo ambao mimi sikuwa nao.

Wako akupendaye,
Lucius tu.