Nimempasua mama mkwe kichwa

Mwenzangu, nimempasua mama mkwe kichwa. Kwa chupa ya chai!

Si unazijua zile filamu za watu waliokwama kwenye chombo cha angani wanachinjana? Leo tulikuwa sehemu ya tatu. Kama kawaida yetu, mapazia chini, mlango nikaufunga, ufunguo nikauchomeka kifuani, maana wifi yangu akiogopa hukimbia na kutuharibia utamu.

Mama mkwe alishaapa mambo hayo ya kishetani hayaangalii ng'o. Tukajua kalala chumbani kwake.

Basi daktari wa kile chombo anatambaa, damu mpaka darini, mkono ukachomoza sakafuni ukamdaka mguu. Na mimi nikadakwa mguu! Mguu WANGU! Nikapiga. Nikapiga tena. Wifi naye akarusha stuli.

Kuwasha taa, ni mama! Kajibanza ubavuni mwa kochi tangu mwanzo, damu inamchuruzika hadi kidevuni. Kumbe alinishika kwa woga.

Nikakimbilia mlango tumpeleke hospitali. Akanipora ufunguo.

"Hatoki mtu! Rudisheni nyuma kwanza. Yule daktari kafa au hajafa?"

Mwenzangu, nakuandikia humu humu ndani. Tuko sehemu ya nne.