Uso wa Mtoza Ushuru

12 Januari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila mgongo unalalamika kwa kuinamia meza. Wewe je, na watoto? Kifua kimekuachia? Na Bibi Mhariri bado anawinda nukta kwa miwani miwili?

Kurasa za mwanzo za katuni yetu zimo humu, usizikunje. Kijiji, daraja na mto vimekaa vizuri. Aliyenitoa jasho ni Mtoza Ushuru mwenyewe. Sote tulisoma kitabu hiki shuleni tukamwogopa, lakini mwandishi hakusema hata pua yake ikoje. Kwenye maneno hilo linapita. Kwenye picha mtu lazima awe na uso.

Nimeupata. Wanijua, sichori uso wa kubuni, lazima niuibe kwa mtu aliye hai. Mkabala na chumba changu kuna mgahawa, na bwana mmoja hukaa dirishani kila siku na gazeti lake. Mtanashati, mpole, anamshukuru mhudumu hata kwa kijiko. Lakini akikutazama, dada, unajihisi umeacha mlango wa nyumba wazi. Nimemchora kutoka huku juu bila yeye kujua. Angalia ukurasa wa tisa, kisha uniambie.

Mdogo wako


25 Januari

Mdogo wangu, Mzee wa Wino,

Hapa hatujambo, watoto wanarefuka kuliko suruali zao. Kifua kinakuja na kuondoka kama mpangaji mkorofi. Mgongo wako upe mto, acha ubishi.

Kurasa nimezipokea kwa mikono iliyonawa. Mwanangu mdogo aliuona ukurasa wa tisa akaniuliza, "Mama, mbona huyu ananitazama mimi?" Sifa gani tena unataka? Wakubwa wa biashara hii wanatucheka, eti vyumba viwili na wazimu wa kugeuza vitabu vya heshima kuwa katuni. Hiki kitawafunga midomo.

Ila neno moja. Uso wa mtu ni mali yake. Vuka barabara, mwonyeshe ukurasa, umwombe ruhusa. Asije akajikuta dukani ametundikwa kama mwizi.

Dada yako


9 Februari

Dada,

Hujambo? Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Nilifanya ulivyosema. Aliutazama ukurasa muda mrefu, akasema, "Umenipunguzia nywele." Tukacheka, akaniagizia chai. Hakuniuliza jina. Lakini tulipoagana aliniita kwa jina langu, kisha akauliza, "Na dada yako, kifua bado kinamsumbua?" Nilidhani labda mnafahamiana. Mnafahamiana?

Siku hizi anapanda hadi chumbani. Anakaa, anageuza kidevu kwenye mwanga bila kuambiwa, na kazi inakwenda mbio. Nisikufiche, kuna siku natamani asije. Akitoka nafungua madirisha yote.

Juzi aliniuliza hadithi inaishaje. Nikamwambia kila mtu anajua, wanakijiji wanakataa ushuru, wanamtupa mtoni. Akasema yeye hakupata bahati ya kukisoma. "Basi hapo," akasema, "itabidi tuzungumze."

Mdogo wako


20 Februari

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa haraka. Sote wazima, lakini moyo wangu haujatulia.

Simfahamu bwana huyo. Kifua changu wanakijua daktari, wewe, na anayesoma barua zetu.

Nilimwonyesha Bibi Mhariri ukurasa wa tisa. Yule mama asiyetikiswa na lolote aliomba kiti. Akaniambia, "Huyu ndiye aliyekuja kumchukua mume wangu. Aligonga mlango taratibu, akatusalimu wote, akamwambia mume wangu avae koti maana nje kuna baridi. Nikamwona muungwana." Mumewe hakurudi, na koti halikurudi.

Simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Futa uso huo kwenye kila ukurasa. Weka wa mpigachapa, weka wangu, weka wa mbuzi ukitaka. Kisha funga chumba uje huku. Naogopa, mdogo wangu, na sioni aibu kusema.

Dada yako


6 Machi

Dada,

Shikamoo. Mpe pole Bibi Mhariri. Sikujua.

Nilifuta. Nilimpa Mtoza Ushuru ndevu na pua pana. Yule bwana alikuja, akapekua kurasa moja moja kwa vidole safi, akauliza, "Mimi nimekwenda wapi?" Hakupaza sauti. Alivua saa, akaiweka mezani, akakaa akingoja hadi nikamrudisha kwenye kila kisanduku cha picha. Wino ulipokauka alinishukuru.

Kisha akasema ukurasa wa mwisho haumfurahishi. Anataka Mtoza Ushuru abaki darajani. Nikamwambia kitabu hiki si changu wala chake. Sisi tunachora alichoandika mwenye kitabu, hatumwongezei wala hatumpunguzii. Wewe ndiye uliyeniapisha hivyo tulipofungua nyumba yetu ya vitabu, na siwezi kuanza kuvunja kiapo kwa sababu ya mtu mmoja mwenye viatu vinavyong'aa. Akasema ananielewa kabisa. Alisuuza kikombe chake kabla ya kuondoka.

Usinikasirikie. Mwisho nauchora kama ulivyo, kisha nakuja.

Mdogo wako mbishi


14 Machi

Mdogo wangu,

Sina salamu ndefu. Kiapo hicho nimekufungulia leo.

Mpe mwisho anaoutaka. Kitabu kiliishi kabla yetu na kitaishi bila sisi, shule zote zinacho. Wewe sina mwingine. Kama anataka mto ukauke, ukaushe. Kama anataka wanakijiji wamwimbie, wape midomo waimbe. Kisha panda gari lolote linalokuja huku, hata la mkaa. Mpigachapa nimemwambia asiguse kitu mpaka asikie sauti yangu.

Nimekutengea chumba cha nyuma. Njoo.

Dada yako


2 Aprili

Mdogo wangu,

U hali gani? Simu yako haiiti. Nilimpigia mwenye mgahawa, akasema hamjui mchoraji yeyote, na kwamba chumba cha juu kinapangishwa. Aliposema hivyo alikuwa akinong'ona.

Labda uko njiani. Kila gari likisimama nje nachungulia. Niandikie.

Dada yako


18 Aprili

Mdogo wangu,

Bado nakuandikia, kwa sababu nikiacha nitakuwa nimekubali.

Jana yameletwa maboksi ya vitabu. Sikuwa nimetoa ruhusa. Mpigachapa anaapa kwamba ulikuja mwenyewe na bwana mmoja mstaarabu, ukakabidhi ukurasa wa mwisho mpya, ukatia saini. Nilimuuliza ulionekanaje. Akasema, "Alikuwa amechoka."

Nimeufungua ukurasa huo. Mtoza Ushuru amesimama darajani, mikono nyuma, wanakijiji wamemzunguka wakitabasamu. Chini yao, majini, kuna mtu anazama macho yakiwa wazi. Ni wewe. Mkono ni wako pia, hakuna mwingine anayechora maji hivyo, na mstari haukutetemeka hata kidogo.

Wanasema ulitia saini. Mimi nataka kujua kama ulirudi nyumbani baada ya hapo.

Dada yako


3 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu sana. Sisi hatujambo, watoto wazima, kifua kimetulia.

Mgeni wako amefika ofisini asubuhi hii. Nilimtambua kabla hajasema lolote, ulimpatia hasa, macho zaidi. Bibi Mhariri ameomba ruhusa akaenda nyumbani. Mgeni ananishukuru kwa chai na kukisifu kitabu. Nilimuuliza u hali gani, akasema unachora sana. Nilimuuliza wapi, akasema mahali penye mwanga wa kutosha.

Amekuja kuzungumzia kitabu kinachofuata. Ameshakichagua yeye. Nimemwambia nyumba yetu itakitoa, kwa mwisho wowote apendao, lakini mchoraji awe wewe, na kila ukurasa unifikie ukiwa na wino mbichi na tarehe ya siku hiyo. Wewe tu, si mwingine. Amefikiri kidogo, akasema ataangalia kama inawezekana.

Anasema nisihangaike na posta, atakuletea barua hii kwa mkono wake. Ndiyo sababu bahasha sijaifunga.

Kula, hata kama huna hamu. Chora polepole. Kitabu alichochagua ni kinene, na mimi sina haraka.

Dada yako