Chai Aliyoinywa Mwenye Duka

Thika, 14 Julai 1959

Kaka Gerishon,

Natumaini joto la Mombasa limepungua kidogo. Huku ni ukungu mpaka saa tano. Mama anakohoa, lakini anakula. Waithira wa Ruiru amejifungua msichana.

Cherehani imechukuliwa. Jumanne iliyopita watu wa korti waliibeba, pamoja na nguo za wateja, kwa ajili ya kodi ya duka ambayo hatujalipa tangu Machi.

Tulikuwa tumeitwa kortini. Lakini wiki ile Bwana Jaswant, mwenye duka tulilopanga, alipita kwetu, Mama akampa chai, akanywa vikombe viwili.

“Mtu akishakunywa chai yangu hawezi kunishtaki tena,” Mama alisema. “Kesi imekwisha.”

Nilikuwa nimeisoma hati ya korti. Ilisema asiyefika atahukumiwa hivyo hivyo. Nilimwambia mara moja tu, akacheka. “Walimu wako hawakukufundisha kuwajua watu.” Nikaikunja ile hati. Nilitamani awe yeye aliye sahihi.

Siku ya hukumu tulikuwa dukani tukishona. Baadaye Mama alimwendea Bwana Jaswant, naye akamjibu kwa upole, “Chai ilikuwa nzuri, Mama. Kodi ni kitu kingine.”

Mnada ni Jumamosi. Nimepata kazi ya kuchambua kahawa Ruiru, na shuleni sitarudi. Mama hajui. Tafadhali mwandikie wewe, umwambie hayo, na kwamba si kosa lake. Mimi ndiye nitakayemsomea barua yako. Yakiwa maneno yako, nitaweza kuyatamka.

Mdogo wako,
Idah