Baba, Kiduha Chako Kimeng'olewa

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka, na bado hatujui tukulilie au tukugombeze. Uliondoka ghafla, hujatuambia hata lile sanduku la udongo uani tulifanyeje.

Miaka yote ya kazi yako ulitafuta mbegu ya mtama usioshindwa na kiduha, lile gugu lenye maua mazuri ya zambarau linalonyonya mizizi chini kwa chini, mkulima aje kushtuka mtama umeshadumaa. Watu waling'oa kiduha. Wewe ulikipanda.

"Nitajuaje mtama upi ni sugu kama sijauweka na adui yake?" ulisema.

"Basi huyo adui akakae kazini kwako, si nyuma ya jiko langu," Mama alijibu.

Hukusikia. Ulijenga sanduku la saruji, ukalijaza udongo wenye mbegu za kiduha, ndogo kama vumbi, kisha ukatutesa sote. Hakuna aliyetoka uani bila kupigwa brashi viatu. Mchumba wa dada alipokuja kujitambulisha, alipita huko kunawa mikono. Ulimpokea mlangoni: "Karibu, mwanangu. Inua mguu." Akainua, maskini, hadi pindo za suruali zikasuguliwa.

Lakini mkulima akipiga simu ulikuwa mpole kama si wewe. Chakula kilipoa mezani nawe unamwambia mtu usiyemjua, "Usikate tamaa, mama. Ng'oa kabla hakijatoa maua."

Tulipokuzika, Mama aliapa sanduku litaondoka, apande maua. Ndipo mwenzako wa kituo cha utafiti, yule uliyemwita Hadubini, akaja na mfuko mdogo wa mbegu zako za mwisho.

"Shemeji, mtama huu umekishinda kiduha msimu mmoja tu. Bila msimu wa pili hakuna atakayeukubali."

"Si mkaupande kituoni?"

"Shamba lile meneja mpya amelisafisha. Udongo wenye kiduha cha uhakika umebaki huu wako."

Mama aligeukia picha yako ukutani. "Unaona? Unaona mambo yako?" Kisha akaenda kutafuta jembe.

Tulipanda mtama wako upande mmoja, wa kawaida upande wa pili. Kiduha kilipoanza kuchomoza tulifurahi, Baba, hebu fikiria, familia nzima imeinama inachungulia magugu. Ilibaki siku moja Hadubini aje kuhesabu kila upande una mangapi. Siku hiyo Shangazi, dada yako, akaja kututembelea, nasi tulikuwa sokoni.

"Wifi, uani kulikuwa pori," alimwambia Mama tuliporudi. "Nimewang'olea magugu yote. Nimechoma kabisa."

Mama alikaa kizingitini. Kesho yake Hadubini alimuuliza Shangazi, kwa adabu sana, magugu yalikuwa mengi upande gani.

"Mwanangu, mimi nilikuwa nang'oa, sikuwa nasoma."

Alipoelezwa alilia. "Sikutaka watu waje waseme kaka ameacha uchafu." Nani angemgombeza? Hata Mama alishindwa, na Mama hashindwi.

Msimu umepotea. Mtama wako ulikomaa, masuke mazito, ila hakuna awezaye kuapa kwamba ni ushujaa wake au ni mikono ya Shangazi. Tumevuna mbegu. Mama amesema maua yatasubiri. Tunapanda tena, na safari hii atakaa uani mwenyewe na kigoda chake.

Mtakaokuja nyumbani kumkumbuka Baba, karibuni sana. Tunawaomba kwa heshima msing'oe kitu.

Unakumbukwa na mke wako, anayekugombeza kila asubuhi; wanao na wakwe zako; wenzako wa kituoni; na dada yako, ambaye kwa sasa anaishia sebuleni.

Hatutakusahau, Baba. Kwa kazi uliyotuachia, tutakusahau saa ngapi?